Wasifu wa Kaka Yetu Meza, Aliyeuawa Akijadili Bonde

Ndugu waombolezaji, kaka yetu tunayemzika leo alizaliwa tarehe 9 Mei 1964 katika hospitali ya mji wa mpakani, mtoto wa kwanza wa seremala na mkunga. Bonde lililo chini ya mji huo lilikuwa tayari linagombaniwa na nchi mbili. Alipokuwa na miaka saba, wanajeshi wa upande wa pili walivuka mto wakamkatakata baba kwa mapanga mlangoni pa karakana yake. Mama alimziba kaka macho, lakini alikuwa amekwisha kuona.

Alisoma shule ya msingi ya mjini hadi ilipochomwa moto, akamalizia kwa mjomba, kisha akasomea sheria chuo kikuu. Alikuwa mgomvi. Aliwahi kumvunja mwenzake meno kwa kugombea kiti, na mwalimu mkuu alipomuuliza kama anajuta, alijibu, "Najuta, kiti kimevunjika." Tusimfanye malaika leo kwa sababu amelala.

Mwaka 1990 aliajiriwa Wizara ya Mambo ya Nje, na hapo hasira zake zikapata kazi. Alijadili habari za Bonde karibu maisha yake yote ya kazi. Wenzake walimpachika jina la Meza, kwa kuwa hakuwahi kususia kikao hata alipotukaniwa mama. Huku nyumbani tulimwita msaliti. Alipigwa mawe sokoni, gari lake likachomwa, na mwaka 2009 mtu wa kwetu alimchoma kisu ubavuni akitoka ofisini.

Alifunga ndoa mwaka 1993 na wifi yangu, muuguzi, ambaye hakumwogopa hata siku moja. Alikuwa akimwambia, "Bonde zima uko tayari kuligawa, blanketi hutaki." Kaka akimjibu, "Kule najadiliana na watu. Wewe unavuta tu."

Kisu kile kiliharibu figo moja. Miaka ya mwisho alivimba miguu, na daktari alimkataza safari. Alikubali kwa mdomo tu.

Mazungumzo ya mwisho yalifanyika kulekule Bondeni, katika jengo kuukuu la forodha lililo katikati ya majeshi mawili. Wajumbe waligombania bendera tangu walipofika: ipi ipepee juu, ipi itangulie kupandishwa. Kaka akachoka. "Basi zishushwe zote," alisema, "tufanye kazi." Zikashushwa asubuhi ya tarehe 3 mwezi huu, na hakuna aliyekumbuka kuwaarifu wapiga mizinga. Wale wa kwetu, kilimani, walipoona bendera yetu haipo, walidhani jengo limetekwa, wakafyatua. Kombora la kwanza liliangusha paa. La pili lilimkata kaka miguu. Mjumbe mkuu wa upande wa pili alirudi ndani ya moto akamburuta hadi uani, na kipande cha chuma kikamtoboa jicho. Kaka alimfia mikononi. Neno lake la mwisho lilikuwa, "Limetoka kwetu. Waambie."

Nawaambia. Katika kijitabu mlichopewa mlangoni imechapishwa kwamba aliuawa na adui, kwa sababu wakubwa waliamuru hivyo, na redio inasema hivyo tangu siku ile ili vijana wavuke mto kupigana. Ni uongo. Mzinga ulikuwa wetu. Nina hasira, na sina adui wa kumtupia.

Kaka ameacha mama mzazi, mke, mabinti wawili, mimi dada yake, na mtoto wa kiume aliyejiandikisha jeshini juzi ili amlipie baba yake kisasi. Mwanangu, nakuona umesimama kule nyuma na wenzako. Yule mzee aliyefungwa bandeji jichoni, aliyekaa karibu na bibi yako, ndiye aliyemtoa baba yako motoni. Amekuja peke yake, bila walinzi, na mnajua jinsi watu wanavyomtazama tangu aingie. Shangazi yako anakuomba uje mbele, usimame upande wake, mlishushe jeneza pamoja.

Kaka yetu apumzike kwa amani, ile ambayo sisi hatukumpa.