Siku Baba Funguo Alipoambiwa Hayupo

Wenzangu wote wa hospitali, salaam nyingi. Hamjambo huko wodini, jikoni na maabara? Waliobanwa na mafua wamepata nafuu? Sisi wa wodi ya wazazi, ghorofa ya pili, hatujambo, tunamshukuru Mungu. Nimepewa kazi ya kuandika habari za fundi wetu, Baba Funguo, anayestaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Shule yangu si nyingi, mtanivumilia.

Alianza getini kama mlinzi, akahamishiwa kwenye jenereta, mwisho akawa fundi wa kila kinachogoma. Funguo tisini na nne kwenye pete moja, bila alama hata moja, na zote alizijua kwa kuzipapasa tu. Tulimsikia kabla hatujamwona. Mkewe husema ameolewa uke wenza na pete ile.

Sasa niwaambie jambo ambalo mpaka leo halijanitoka.

Kanuni mpya za kujiandaa kwa dharura zilipoletwa mwaka huu, tuliona ni makaratasi mengine. Zamani mpango ulikaa kwenye faili, tukatia sahihi, basi. Kumbe safari hii wanataka zoezi la kushtukiza, tena yule mnayemtegemea kuliko wote atolewe, ahesabiwe kuwa hayupo. Mkaguzi akaja Jumanne moja saa nne asubuhi, akauliza, "Hapa mkikwama mnamwita nani?" Tukajibu kwa kicheko, wote pamoja. Basi akamketisha Baba Funguo kwenye kiti cha plastiki uani, pete mfukoni. "Mzee wangu, leo hupo. Usiinuke, usiseme neno."

King'ora kikalia. Ngazi za mbele tuliambiwa zimejaa moshi. Tukakimbilia mlango wa dharura wa nyuma tukiburuta magodoro, wauguzi wenzetu wamelala juu yake kama wagonjwa, na mdoli badala ya kichanga. Mlango una kufuli! Baba Funguo alilitia mwenyewe zamani, shuka zilipokuwa zinaibwa. Muuguzi mkuu akapiga kelele dirishani, "Baba, ufunguo uko wapi?" Mzee amekaa vilevile, mikono magotini, machozi yanamtiririka. Dakika kumi na moja. Mkaguzi akasimamisha saa yake, akasema taratibu, "Mmekufa wote."

Jamani, nilikaa sakafuni. Fomu ya kila mwezi inayosema mlango ule unafunguka, mwenye sahihi ni mimi. Miaka sita nimetia sahihi, sijausukuma hata mara moja. Na juu pale hulala akina mama waliopasuliwa, hata kukaa hawawezi. Namwomba Mungu msamaha kila nikipita. Baba Funguo naye hakukubali nijilaumu. "Nilidhani nawalinda, mwanangu," akaniambia, "kumbe nimewafungia."

Mchana uleule alilikata kufuli kwa msumeno, akaweka komeo la kusukuma kwa kiganja. Miezi mitatu iliyofuata alifunga utepe wa rangi kwenye kila ufunguo, akapita zamu kwa zamu akitufundisha, na aliyezubaa alirudia. Wiki jana alipomwona mkaguzi akiingia getini, alijiendea mwenyewe kwenye kile kiti, akaketi na kukunja nne. Dakika nne na nusu tukawa uani wote, mpishi amempakata mdoli. Sijawahi kumwona mtu akifurahi hivyo kwa kutohitajika.

Baba Funguo, asante kwa mikono yako. Mungu akupe afya, na usingizi mnono usio na pete chini ya mto.

Wenzangu, kuanzia Jumamosi hatakuwepo kweli, na mkaguzi anaweza kurudi siku yoyote, au moto wenyewe. Kila wodi iliombwa majina ya watu wa kila zamu waliofungua mlango wao wa dharura kwa mikono yao wenyewe. Wodi ya watoto, bado ninyi tu. Mzee anataka kuisoma orodha kabla hajaondoka. Naomba mnijibu upesi.