Zahari Milushev, Aliyemchora Khan wa Kutikisa Kichwa

Ndugu waombolezaji, majirani wa mtaa wa juu, na nyinyi mliotoka Sofia alfajiri, familia imenituma mimi Kosta, mpwa wa marehemu, nisome maisha ya mjomba wetu.

Marehemu Zahari Milushev alizaliwa hapa Tryavna tarehe 14 Februari 1941, siku ya kupogolea mizabibu, akiwa kitindamimba wa mchonga mbao, akasoma shule hapahapa, ambako aliadhibiwa kila mara kwa kuwachora walimu wakiwa na mikia, kisha akaenda Sofia kusomea uchoraji, akahitimu mwaka 1964, na mwaka huohuo akaajiriwa katika studio ya filamu za katuni, alikodumu hadi kustaafu.

Huko ndiko alikomkuta Tsvetana, fundi wa kupaka rangi wa studio, ambaye alikuwa akimgombeza kwa kuchora farasi wengi kupita kiasi, wakafunga ndoa tarehe 5 Mei 1968, wakajaliwa mtoto mmoja, Rumyana, aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1970, na kwa kuwa mtoto huyo alilichukia somo la historia, baba yake akamchorea mwaka 1977 ile filamu ya dakika tisa ambayo wengi wenu mmekua nayo. Khan mwenye kitambi, mtawala wetu wa zamani, analetewa mkataba wa amani na wajumbe wa mfalme wa Wagiriki, anafurahi, anatikisa kichwa huku na huku kama sisi sote wa nchi hii tunapokubali, wajumbe wanadhani amekataa, wanatimua mbio, na watu wanapigana miaka mia kwa sababu ya shingo. Wakubwa walisema khan hachekwi, maprofesa wakasema jambo hilo halikutokea kamwe, naye akawajibu kwamba ni kweli, amelitunga, ila sasa watoto wanajua kwamba khan alikuwepo.

Mwaka 1993 Rumyana aliolewa Graz, Austria, akapata watoto wawili, nao walipokuwa wakichanganywa na babu yao, marehemu akajifunza kukubali na kukataa kwa desturi ya kwao, ambako kutikisa kichwa huku na huku ni kukataa, akawa anawajibu wao na mama yao kwa namna ya kule, na mkewe na sisi kwa namna ya huku, akijisifu kwamba kichwa chake kina pasipoti mbili. Tulimcheka sana.

Tarehe 21 Oktoba mwaka huu wa 2014 alipatwa na kiharusi, kauli ikakatika, Rumyana akafika kesho yake, na daktari akatueleza kwamba upasuaji unaweza kumwokoa au kummaliza, na kwa kuwa bado anasikia na kuelewa, aulizwe mwenyewe. Rumyana akamuuliza, na marehemu, akimtazama bintiye, akatikisa kichwa huku na huku.

“Amekubali,” akasema Tsvetana.

“Mama, alikuwa ananitazama mimi. Kwangu mimi hiyo ni hapana.”

“Mtu akizidiwa, mwanangu, anarudi kwao.”

Wakamuuliza tena, akafumba macho, machozi yakamtoka, nasi wengine tukabaki tumeshika kofia mikononi. Tsvetana akatoa idhini, Rumyana hakupinga, akaushika mkono wa baba yake hadi mlangoni mwa chumba cha upasuaji, marehemu akapasuliwa, hakuamka, akafariki tarehe 25 Oktoba asubuhi. Tangu siku hiyo mama na binti wanalala kitanda kimoja, na swali lile hawaulizani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, ambao walifanya yote yaliyo katika uwezo wa binadamu, majirani waliochemsha ngano hii ya kumkumbuka marehemu mtakayoila, na wachoraji wenzake waliomletea penseli badala ya maua. Mkipokea ngano mtasema, kama tulivyozoea, Mungu amsamehe, na leo tunawaomba muongeze kwamba yeye naye atusamehe, kama kweli alikuwa amekataa.

Pumzika kwa amani, mjomba, hatutakuuliza tena.