Kaka Yetu, Mpasua Miwa

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, tumbo moja, na karatasi niliyopewa na familia inasema kaka alifariki kwa ajali kazini, lakini haki ya Mungu sitaisoma hivyo, na atakayeona vibaya aniache kwanza nimalize.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1968, katika nyumba za mabati za wakata miwa, mtoto wa kwanza kati ya watano, akaanza shule ya msingi mwaka 1976 na kumaliza 1982, baadaye akasomea kilimo, akapata cheti tarehe 30 Novemba 1988, cheti ambacho baba, kwa kuwa hakujua kusoma, alikitundika ukutani kichwa chini, na kaka akatukataza kukigeuza.

Tarehe 2 Februari 1989 aliajiriwa na kiwanda kinachonunua miwa yetu, awe mkaguzi wa wadudu, na kazi hiyo aliifanya bila huruma, maana kila asubuhi aliingia shambani na kisu kirefu, akakata miwa kumi hapa na kumi pale, akaipasua toka shina hadi kilele, na akikuta vumbi kama la mbao na njia nyekundu ndani ya bua alijua funza yumo, akamchokoa kwa ncha ya kisu na kumsaga kwa kisigino, na shamba lililozidiwa aliamuru lichomwe moto, hata mwenye shamba awe amekaa chini analia.

Tarehe 17 Agosti 1994 alifunga ndoa na shemeji yetu huyu aliyekaa mbele, fundi cherehani, wakajaliwa watoto watatu, na nyumbani kwao hakuna aliyethubutu kutafuna muwa kabla baba mtu hajaupasua na kuukagua, tulimcheka mpaka mbavu zikauma.

Miaka ya karibuni dawa za kupuliza zilishindwa, kwa sababu funza akishajichimbia ndani ya bua hazimfikii, ndipo kaka akaanza kuleta visanduku vya nyigu wadogo kuliko sisimizi, wasiomdhuru mtu, wanaotaga mayai ndani ya funza ili watoto wao wamle angali hai, na alitueleza haya mkutanoni mara moja tu, siku ambayo mvua ilipiga bati hatukusikia kitu, nasi kwa uvivu wetu hatukumuuliza tena.

Tarehe 11 Machi mwaka huu, saa tatu asubuhi, nilimkuta ndani ya miwa yangu, shamba lile lile aliloamuru lichomwe msimu uliopita, amepiga magoti, kisanduku ki wazi, wadudu wanatoka, damu ikanichemka, nikapiga yowe kwamba anayetupandikizia wadudu amepatikana, watu wakaja na virungu na mapanga, wakampiga kichwani, mgongoni, wakamvunja vidole kimoja kimoja, na teke la kwanza la mbavu, jamani, nilipiga mimi, nikijua kabisa huyu ni kaka yangu.

Alilazwa siku kumi na mbili, figo zikakataa, polisi wakamuuliza mara tatu nani aliyeanza, akajibu mara tatu kwamba hakuona, nami nimesimama pale pale nimemshikia kikombe cha uji, akafariki tarehe 23 Machi, saa sita mchana. Jana nilipasua miwa mia moja shambani kwangu, na funza wote niliowakuta walikuwa wamekufa, kando yao vifuko vyeupe vya nyigu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, wafanyakazi wenzake, na majirani wawili waliompakia kwenye mkokoteni wakati sisi wengine tunatimua mbio. Shemeji, leo sikuombi msamaha, sina uso huo, ila wale askari wawili mnaowaona langoni nimewaita mwenyewe, na nikishatupa udongo wangu nitaondoka nao. Pumzika, kaka, kwa amani ambayo mimi nilikunyima.