Samaki wa Mzee Ndalahwa

Tarehe 31 Desemba mwaka huu wa 1947, Mzee Ndalahwa Mihayo anaweka chini chaki yake baada ya kuitumikia sinema yetu ya Nyota ya Ziwa, hapa Mwanza, miaka kumi na tisa na miezi minne. Nimeombwa mimi niandike habari zake, na walioniomba hawakukosea. Nimelinda mlango ule miaka yote hiyo. Mwingine anayejua habari hizi yupo, lakini hajui kuandika.

Bwana Natvarlal, mwenye sinema, alimwajiri Agosti 1928, mwaka ule ule reli ilipofika mjini. Picha za siku hizo zilikuwa bubu. Kazi ya Mzee ilikuwa kusimama kando ya shuka ya kuonyeshea picha na kutueleza, kwa Kiswahili na Kisukuma, nani anampenda nani na nani anatafutwa auawe. Sauti yake ilisikika mpaka Kirumba. Jioni moja kiboko alipanda kutoka ziwani akaja kusimama mlangoni kusikiliza. Nikamwambia viti vimejaa, akageuka akarudi majini kwa adabu. Mashahidi wawili wapo, ila mmoja amehamia Ukerewe na mwingine ni marehemu.

Picha zilipoanza kusema zenyewe, watu walidhani Mzee atarudi kulima pamba. Ndipo alipoleta ubao! Kila Ijumaa mchana alikaa peke yake ukumbini akaitazama picha mpya mwanzo hadi mwisho, na hakuna ruhusa ya kumsemesha. Hata Odeta, muuza njugu wetu, aliamriwa akabangulie nje. Kisha Mzee alitoka na chaki akachora samaki ubaoni. Akichora sato, njoo na mkeo na mama mkwe. Akichora kambare, nyama ipo lakini na tope lipo. Akichora furu, miiba mitupu, lala nyumbani. Watu wa Ilemela wakikutana njiani hawakuulizana picha gani imekuja. Waliulizana, "Leo samaki gani?"

Na hakumwogopa mtu. Picha za wapanda farasi alizipa kambare karibu zote, kwa sababu bastola ya risasi sita inapiga watu ishirini, ila farasi, alisema, hawajui kudanganya. Picha moja ya mapenzi kutoka Ulaya ilipata furu. "Mwanaume gani," aliuliza, "anapiga magoti na hata ng'ombe mmoja hajafika kwa baba wa binti?" Ya mizimu ilipata furu mdogo zaidi, maana mzimu alibisha hodi. Mzimu wa kwetu unashtukia tu umekaa naye. Picha za vita alisema zina ndege nyingi na watu wachache. Na ile ya Kihindi yenye nyimbo kumi na nne, iliyomliza Mama Jasuben, mke wa Bwana Natvarlal, hadi akaazima leso yangu, Mzee aliichorea kambare. Mama akamwambia, "Ndalahwa, wewe huna moyo!" Akajibu, "Shikamoo mama, moyo ninao. Ulichoka kwenye wimbo wa tisa." Siku mbili Mama hakumsalimu. Siku ya tatu alimletea chapati.

Sasa nifike kwenye jambo la mwaka 1936, ambalo nyote mnalijua nusu.

Ijumaa ile picha ilifika kwa treni, na mvua ikanyesha kama imetumwa. Makopo ya mikanda yalikuwa saba, na karatasi za namba zilibanduka zote njiani. Zikabandikwa upya kwa uji wa muhogo. Mzee akatazama. Alipotoka alikuwa anacheka peke yake, akachora sato mkubwa kuliko wote, mwenye mapezi mpaka pembeni mwa ubao. Akatangaza sokoni kwamba kuna mtu anauawa, anazikwa, kisha anafufuka na kuoa! Jumamosi watu walikuja mpaka na mikeka yao.

Lakini asubuhi ile Malimi, fundi wetu wa mashine, alikuwa ameona alama ndani ya mikanda, akaipanga kwa utaratibu wake wa kweli. Hakumwambia mtu. Basi watazamaji wakaona harusi kwanza, kisha mtu akafa, akazikwa, mwisho. Wakasubiri. Shuka ikabaki nyeupe. Bibi Ng'washi wa mabenchi ya mbele akapaza sauti, "Mbona hafufuki?" Ukumbi ukalipuka. "Ndalahwa mwongo! Futa samaki wako!" Viti vikaanza kuruka. Bwana Natvarlal akamwambia Mzee mbele yangu, "Nyamazisha watu hawa. Ukishindwa, Jumatatu usije."

Malimi alikwisha kumweleza Mzee kilichotokea. Angeweza kusema makosa ni ya treni, au ya mvua, au ya mtu aliyebandika namba. Alipanda jukwaani na ubao wake. Akasema, "Niliwachorea samaki ambaye sikumjua vizuri. Kosa ni langu." Akamfuta sato kwa mkono wake. Miaka yangu kumi na tisa mlangoni, sijaona ukumbi ukinyamaza vile.

Akiwa anachora furu, Bibi Ng'washi akasimama. "Mzee, huyo hatumtaki! Tupe yule wako wa jana. Mfufue mtu wetu!" Ukumbi mzima ukaitika, "Mfufue! Mfufue!" Malimi akapanga mikanda vile vile ilivyokosewa. Maiti alipotoka kaburini na suti yake safi, paa liliinuka shubiri mbili, nami nilipima. Picha ile ilichezwa kinyume majuma matatu. Jumatatu Mzee alikuja kazini, na Bwana Natvarlal ndiye aliyemfungulia mlango.

Aliyebandika namba zile ni mimi. Mzee aliniuliza Ijumaa ile kama nina hakika na utaratibu, nami nikamjibu kwamba msomi ni mimi, asihangaike. Miaka kumi na moja amelijua hili, wala hajalitamka, hata tulipogombana. Nimesimulia kiboko mara mia. Hili nalisema leo mara ya kwanza.

Bwana Anil, mtoto wa mwenye sinema, alitaka ubao uondolewe Mzee akistaafu, yabaki matangazo ya karatasi. Mzee aliomba zawadi moja tu ya kuagwa, ubao ubaki. Umebaki! Chaki nimepewa mimi, na Mzee ameshaniambia nina mkono mwepesi wa sato.

Mzee Ndalahwa, sisi wa Nyota ya Ziwa tunakushukuru kwa kila samaki, hata furu. Mihogo ya shamba lako la Kiseke istawi, wajukuu wakupishe kiti, na maisha yako huko yawe mema tangu mkanda wa kwanza hadi wa saba. Ukitoka leo tazama ubaoni. Nimekuchorea mmoja. Nimekutazama miaka kumi na tisa kabla ya kushika chaki, na namba zote safari hii nimezihakikisha.

Ngosha wa Mlangoni