Sikio la Lavelle Pruitt

Wasikilizaji wapendwa, kama redio yako iko jikoni, punguza moto usogee karibu. Leo tuna msiba. Profesa Verlene Haskett amefariki. Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, nyumbani kwake hapa Memphis, akiwa na miaka sabini na mbili. Alikuwa mwalimu wa waandishi wa habari. Kazi yake ilikuwa majarida ya watu weusi: nani anayasoma, anayasomaje, na yakihamia kwenye kompyuta na simu, msomaji anabaki na nini mkononi.

Swali hilo la mwisho ndilo lililomtafuna mpaka siku aliyofumba macho.

Alizaliwa mtaa wa Orange Mound, akakulia kwenye saluni ya mama yake, Bi Corrine, katikati ya harufu ya chanuo la moto na mafuta ya nywele. Kila mwezi lilifika jarida ambalo hapa tutaliita Taa, maana hiyo ndiyo maana ya jina lake. Nakala moja ilizunguka saluni nzima, ikaenda kanisani, ikaenda kwa majirani, mpaka jalada likadondoka. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa marehemu. Magazeti makubwa ya mji hayakujishughulisha na vifo vyetu, lakini Taa ilijishughulisha. Familia ilituma picha kwa posta, mara nyingi ile moja tu iliyokuwa nayo. Picha haikurudi. Watu hawakulalamika, kwa sababu marehemu wao sasa alikuwa ndani ya Taa, na Taa ilikuwa kila nyumba.

Mdogo wake, Bi Odessa, anakumbuka. "Wanawake walikuwa hawaanzi kwa kusoma. Walikuwa wanatazama. 'Hee! Huyu si wa kina Tolliver? Na paji la uso hilo, baba yake angemkataaje?' Verlene peke yake ndiye alikuwa anakimbilia maandishi. Mama akawa anamtania, 'We mtoto, utaolewa na kamusi.'"

Hakuolewa na kamusi. Akawa profesa. Aliandika vitabu kuonyesha kwamba nakala moja ya jarida letu husomwa na mtaa mzima, na kwamba wenye matangazo waliokuwa wakihesabu wanunuzi tu walikuwa wakitudharau. Wanafunzi walimwogopa, kisha wakampenda.

Baadaye Taa ikafilisika. Jengo lake lilitakiwa liachwe tupu, na majarida yote, tangu toleo la kwanza, yalikuwa yamerundikwa ghorofa ya chini, maji yakivuja juu yake. Profesa Haskett alihangaika kama mtu aliyefiwa. Alipiga simu, aliomba, aligombana. Mwishowe akapata kampuni ya kupiga kila ukurasa picha na kuuweka kwenye kompyuta.

Sikilizeni vizuri hapa. Kampuni ilipiga kurasa kwa nyeusi na nyeupe tupu, bila rangi ya kijivu katikati. Kwa njia hiyo herufi hutoka kali, na kompyuta inaweza kutafuta jina lolote. Ili kurasa zilale sawasawa, migongo ya majarida ilikatwa. Karatasi zikishapigwa picha, zilikuwa zinakwenda kusagwa. Lakini kabla ya kusagwa lazima mtu akague na kutia sahihi, na mtu huyo alikuwa Profesa Haskett. Alikagua. Alisoma maneno, na maneno yalikuwa safi. Akatia sahihi.

Mtoto wa saluni, wasikilizaji wapendwa! Mtoto aliyekulia kati ya wanawake wanaotazama nyuso. Yeye akasoma maneno.

Ikafanyika sherehe. Kulikuwa na kambare wa kukaanga, keki na hotuba. Wiki ile ile akaja ofisini kwake Mama Ernestine Pruitt, mama mzee wa kanisa lao, amevaa kofia yake ya Jumapili ingawa ilikuwa siku ya kazi. Mwanawe Lavelle alikuwa kibarua wa mashua za mizigo huko Helena, ng'ambo ya mto. Alikufa maji mwaka 1974. Familia ikatuma picha yake kwa Taa. Baadaye nyumba ikaungua na kila kitu ndani yake, ndipo mama akahamia Memphis. Kwa hiyo uso wa Lavelle ulikuwa umebaki sehemu moja tu duniani. Toleo la Machi, ukurasa wa mwisho.

Verlene akaandika jina. Ukurasa ukaja hapo hapo. Mama Pruitt akainama, akavua miwani, akaifuta kwa kitambaa, akaivaa tena.

"Mwanangu, mashine yako mbovu?"

"Hapana, Mama."

"Basi Lavelle yuko wapi?"

Verlene akaikuza picha. Doa jeusi lililokuwa mahali pa uso likawa doa kubwa. Juu ya kola nyeupe palikuwa na weusi mtupu, hakuna jicho, hakuna pua, hakuna mdomo. Chini ya ukurasa palikuwa na tangazo la bima, na mzungu wa bima alikuwa anacheka, meno yote nje.

"Huyu simjui," Mama Pruitt akasema, akimgusa kwa kidole, "na namwona mpaka kishimo cha kidevu. Wangu nimemzaa mwenyewe, simwoni."

Verlene akafungua ukurasa mwingine, na mwingine. Maharusi, wachungaji, watoto wa shule. Madoa yenye kola safi. Akapiga simu kwenye kiwanda cha karatasi. Wakamwambia karatasi zote zimeshasagwa. Akakaa chini, na Mama Pruitt ndiye aliyemletea maji.

Tangu siku hiyo kazi yake ikawa moja: kutafuta Machi 1974 ya karatasi. Aliingia saluni, vibanda vya vinyozi, nyumba za kutayarishia maziko, vyumba vya chini vya makanisa. Kila Jumapili Mama Pruitt alimuuliza mlangoni, "Umemwona?" Naye akajibu, "Bado, Mama." Nakala alizipata, tena zaidi ya moja. Lakini hakuna hata moja iliyokuwa na ukurasa wa mwisho. Mnajua kwa nini. Sisi tukifiwa, tunaukata ukurasa, tunauweka kwenye Biblia. Mapenzi yale yale ya watu ndiyo yaliyokuwa yamemficha Lavelle.

Verlene hakukata tamaa. Majina ya marehemu wengine wa ukurasa ule yalisomeka vizuri kwenye kompyuta, basi akawatafuta jamaa zao. Huko Clarksdale, mama mmoja aitwaye Bi Zenobia Tarver akafungua Biblia ya bibi yake. Picha ya shangazi yao ilikuwemo, imekatwa kwa mkasi. Pembeni palibaki kipande chembamba cha picha iliyokuwa kando yake ukurasani, ile ya Lavelle. Sikio na ncha ya kola.

"Chukua tu, Profesa," Bi Zenobia akasema, akichukua mkasi. "Shangazi ana masikio yake mawili. Hili si letu."

Mama Pruitt alikishika kipande kile karibu na dirisha la kanisa, muda mrefu. "Ndilo," akasema. "Nimeliosha sana sikio hili. Na bado lilikuwa halisikii likiitwa kuosha vyombo." Akacheka, kisha akalia mpaka wakamkalisha. Halafu akasema, "Asante, mwanangu. Sasa nitafutie kilichobaki."

Kilichobaki hakikupatikana. Kila mwaka, somo la kwanza, Profesa Haskett aliweka lile doa ukutani mbele ya wanafunzi wapya na kuwaambia, "Hapa nilitia sahihi mimi." Saratani ilipompata, bado alikuwa anapiga simu akiwa kitandani. Bi Odessa anasema, "Nilimwambia, dada, pumzika. Akanijibu, 'Nikipumzika, Jumapili nitamwambia Mama Pruitt nini?'"

Kwa Bi Odessa, na kwa wote waliofundishwa naye, tunawapa pole kutoka moyoni. Msiba wenu ni wetu. Nanyi mnaotusikiliza, fungueni Biblia za bibi zenu leo. Tazameni mmekata nini, na mmemkata nani pembeni. Na hizo picha zilizojaa kwenye simu zenu, jiulizeni nani atakayezishika simu zikizima.

Tulimzika Jumamosi. Bi Odessa alitaka picha ya dada yake ichapishwe kwa rangi, kwenye karatasi nzito, na kila mtu akapewa. Mama Pruitt, ambaye sasa amefika miaka tisini, alisogea mpaka kwenye jeneza kwa mkongojo wake. Alimtazama Verlene, na kanisa lote lilisikia.

"Wewe nimekuona, mwanangu. Nimekuona vizuri. Huko uendako mtafute Lavelle, umwambie mama yake anakuja. Uso wake hukuuona, najua. Ukikuta vijana wengi, tazama masikio."