Fundi Nashipae na Tairi la Kubandika

Kama si mimi, Sifaeli, mbio za baiskeli hapa Arusha zingekuwa zinakimbiwa kwa miguu mpaka leo. Lakini ukurasa huu nampisha Fundi Nashipae, ambaye tarehe 31 Oktoba anastaafu baada ya miaka ishirini na miwili ya kuhudumia magurudumu ya klabu yetu, Kisongo.

Alikuja kama mpishi wa uji wa wachezaji. Fundi wa wakati huo alipougua, Nashipae akashika spana na hakuirudisha. Uji haujawahi kuwa mtamu tena. Amenyoosha rimu zilizokanyagwa na ng'ombe, na siku moja alimtoa mgeni rasmi karakanani kwa kosa la kuegemea baiskeli.

Miaka yote tulibishana jambo moja. Yeye ni mtu wa tairi la kubandika: mpira wa ndani umeshonewa humo humo, na tairi zima linagandishwa kwa gundi kwenye rimu. Ni jepesi, na kwenye saruji ya uwanja linakwenda kama limepakwa siagi. Mimi ni mtu wa tairi la kawaida, lenye mpira wake, unalivua na kulivalisha upendavyo. Hoja zangu nzito zote alizijibu kwa neno moja: "Mkokoteni!" Akaapa hastaafu mpaka Elinaza, binti mwenye kasi kuliko wote klabuni, ashinde kwa matairi aliyobandika yeye.

Basi, fainali ya mkoa mwezi Agosti: baridi, ukungu, gundi haikauki. Nashipae akapeleka rimu zilizopakwa gundi ukweni kwake, mlimani Meru, akazilaza kwenye kichanja cha kahawa zipate jua. Wazo zuri, mimi nilikuwa nalo tayari, sikulisema tu. Mama mkwe akaja kugeuza kahawa yake, na rimu akazigeuza pamoja nayo. Zilirudi zimejaa kahawa kama keki yenye karanga.

Asubuhi ya mashindano Nashipae alibandua punje, akapaka gundi upya, akaweka tairi. Akalisukuma kwa dole gumba. Likasogea.

"Linashika hilo, fundi!" mwenyekiti Ludovick akamtia moyo.

"Kwenye kona litashikwa na nani? Wewe?"

Akaliangalia kitambo, kisha akalivua. "Sifaeli, lete mikokoteni yako."

Elinaza alishinda kwa nusu gurudumu, juu ya matairi ya kawaida. Nashipae alipiga vigelegele kumzidi mama mzazi wa mtoto. Kiapo chake kilifia pale pale, naye hakukitafutia hata sanda.

Dada Nashipae, ahsante. Binti yetu hakuanguka, ana mabega yote mawili mazima kwa sababu yako. Kahawa yako iive, magoti yasikusumbue, na nyumba yako ya Moshono isikaukiwe na wageni.

Mgeni wa kwanza ni mimi, Jumamosi, nitakuja na gurudumu. Tangu juzi navalisha tairi la kawaida, peke yangu, kwa mara ya kwanza. Limenishinda.