Kisu cha Mfaume Shingoni mwa Sihaba

Mheshimiwa Liwali, masheikh wetu, wazee wa Chole na Juani, kina mama mlioketi nyuma ya pazia, nawe Mfaume bin Shaabani unayepumzika kazi leo baada ya miaka kumi na minne ya kuuguza wagonjwa wetu: Assalamu alaykum.

Nimeombwa nimsifu Mfaume. Lakini mimi, Hilal bin Sleyum, ni nani wa kumsifu mtu niliyewahi kumzuia mkono? Basi nitasema yaliyotokea.

Mwaka ule wa dondakoo, mke wangu Sihaba alivimba koo hata maji hayapiti. Siku ya nne alikuwa akikoroma kwa kila pumzi. Ilipofika adhuhuri midomo imepiga weusi. Daktari wa Kidachi yuko Kilwa. Akaja msaidizi wake, huyu Mfaume, akamtazama, akasema, "Bwana Hilal, njia ya pumzi inaziba. Nisipompasua hapa, chini ya kikoromeo, nikamtia mrija, hafiki alasiri."

Nikaudaka mkono wenye kisu. "Umemchinja Kombo wa Juani, leo umekuja kumchinja mke wangu?"

Nani hapa hakumbuki habari ya Kombo? Alipasuliwa koo vivyo hivyo, akafa, na mji mzima ukamwita Mfaume mchinjaji. Angeweza kufunga mkoba wake akaenda zake, na nani angemlaumu? Alinijibu kwa sauti ndogo: "Kwa Kombo nilichelewa, kwa kuwa niliogopa maneno ya watu. Na leo naogopa vilevile. Niachie."

Mkwe wangu, Bi Mwanahalima, ambaye hata kunitazama usoni alikuwa akiona haya, alinisukuma kwa mikono miwili. "Muachie, Hilal! Mwanangu anakufa!"

Nikaachia. Damu ilitoka, kisha pumzi ikavuma mrijani, kifua kikainuka. Siku tatu Mfaume hakubanduka kitandani pale. Kila mrija ulipoziba aliutoa, akausafisha, akaurudisha.

Wazee wangu, yule mmoja aliyekufa tulimkumbuka sana. Je, kuna aliyewahi kufikiri ni hofu gani mtu huyu aliingia nayo nyumbani kwangu, na bado akafanya? Mfaume, mbele ya watu hawa nakuomba radhi. Nimechelewa miaka sita.

Sihaba yuko hapo nyuma ya pazia. Sauti yake imebaki ya kukwaruza, na wapo wanaomwonea huruma. Ameniagiza niwaambie kwamba sauti hiyo anaipenda, maana ndiyo aliyowaitia wanawe asubuhi hii.

Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu. Wassalamu alaykum.